Chombo Kikuukuu na Bahari ya Kusi: Ngalawa na Madau ya Munje Yapimwe kwa Nini?

Mwezi wa Aprili ukiingia, kaskazi iliyokuwa ikivuma tangu Novemba hulegea na pwani ya Kwale huanza kuisubiri kusi. Kufikia Juni na Julai, bahari ya nje ya mwamba kuanzia Diani hadi Msambweni huwa imechafuka. Wavuvi wengi wa Munje hubaki ndani, kwenye maji yaliyokingwa na matumbawe. Wachache hutoka. Na vyombo wanavyotoka navyo aghalabu si vipya: ngalawa zilizochongwa kwa gogo la mwembe, madau yaliyokwisha kubadilishwa mbao mara kadhaa, milingoti iliyohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Je, chombo kikuukuu cha tanga kihukumiwe kwa kipimo gani kwamba kinaiweza bahari au hakiiwezi? Jibu jepesi ni umri: cha zamani kiondolewe, kiletwe cha plastiki chenye injini. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, kwa kuwa mbao huoza na kamba huchakaa. Lakini linaelekeza macho mahali pasipo. Baharia hauawi na miaka ya chombo chake. Huuawa na kamba iliyoliwa ndani ya tundu la mlingoti, msumari uliogeuka kutu ndani ya ubao, shehena iliyozidi, au tanga kubwa lililobaki juu wakati upepo umekwisha kupanda.

Bahari yenyewe ndiyo inayoweka masharti. Munje, kijiji cha wavuvi katika eneo la Msambweni, kiko takriban nyuzi nne na nusu kusini mwa ikweta, kwenye ufuo unaotazama mashariki. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki; kusi hutoka kusini na kusini-mashariki. Maana yake ni kwamba pepo zote mbili kubwa za mwaka humsukuma baharia kuelekea nchi kavu, yaani kuelekea mwamba. Nje ya mwamba nao mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki hupita ukielekea kaskazini mwaka mzima, na kusi huuongezea kasi. Kwa hiyo dau lililovunjika mlingoti nje ya Msambweni halielei mahali pamoja likingoja msaada. Linachukuliwa kuelekea Gazi na Diani, huku likisogezwa kidogo kidogo hadi pale mawimbi yanapovunjikia matumbawe. Muda wa kulifanyia jambo ni mfupi sana.

Maji nayo hayatulii. Siku za bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa katika pwani hii hukaribia mita 4, na mlango wa mwamba uliopitika alfajiri unaweza kuwa mawe matupu adhuhuri. Nahodha anayerudi akiwa na chombo kinachovuja hawezi kuchagua saa ya kuingia. Saa huchaguliwa na maji.

Dhoruba kubwa za kitropiki, zile zinazopewa majina, hazifiki Kwale mara nyingi, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha ya kuzisokota. Zanzibar, iliyo kusini kidogo tu, ilipigwa vibaya mwezi Aprili 1872 na vyombo vingi vikapotea. Na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Hata hivyo, kwa Munje adui wa kila mwaka ni kusi ya kawaida. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huitolea tahadhari inapotarajiwa kuvuma kwa kasi ya zaidi ya mita 12.9 kwa sekunde, sawa na kilomita 46 kwa saa.

Tarakimu hiyo inastahili kuwekwa kwenye mizani, kwa sababu nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 23 kwa saa, ambao baharia yeyote angeuita mzuri, husukuma kila mita ya mraba ya tanga kwa uzito wa takriban kilo 2 na nusu. Upepo wa kilomita 46 husukuma mita hiyohiyo kwa takriban kilo 10. Tanga dogo la mita 12 za mraba, lililokuwa likivuta kilo 30 asubuhi, linavuta kilo 120 baada ya saa sita. Mlingoti ni uleule, kamba ni zilezile, na mkono ulioshika demani, kamba ya kuvutia tanga, ni uleule.

Sasa tanga na kamba zake, kwa maana hapo ndipo maarifa mengi ya pwani yalipohifadhiwa. Ngalawa haina nyaya za chuma za kuushikilia mlingoti kila upande. Mlingoti ni mfupi, umesimamishwa ukielekea mbele kidogo, umepita kwenye tundu la ubao unaokatiza chombo na kukaa kwenye kikao chake chini. Foromali, mti unaobeba tanga, ni ndefu kuliko mlingoti, na mara nyingi ni vipande viwili vilivyolaliana na kufungwa pamoja. Hupandishwa kwa kamba iitwayo jarari. Na hapa ndipo penye ustadi: jarari ikishamaliza kupandisha, haifungwi kwenye mlingoti. Huvutwa nyuma na kufungwa upande unakotoka upepo, nayo ikawa ndiyo inayouzuia mlingoti usiangukie mbele. Kamba moja imefanya kazi mbili.

Uzuri wa mpango huo ni uchache wa vitu vya kuharibika. Hakuna pini, hakuna skrubu, hakuna kifaa cha kuagizwa kutoka nje. Kitu chochote kikikatika, mtu mwenye kisu na kamba anaweza kukifunga akiwa baharini. Lakini uchache huohuo una gharama yake. Jarari ikikatika, tanga linaanguka na mlingoti unapoteza tegemeo lake kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayetaka kukijua chombo asianze na rangi wala mbao za ubavuni. Aiteremshe foromali, aitazame ile dhiraa ya jarari inayokaa ndani ya tundu la kichwa cha mlingoti au kwenye kapi wakati tanga liko juu. Sehemu hiyo ndiyo inayosagwa siku nzima, na ndiyo isiyoonekana mpaka tanga lishushwe. Dawa yake haina gharama: kata kipande kilicholika, sogeza kamba, ufunge upya. Jarari inayotoshea kipimo bila ziada humnyima nahodha dawa hiyo.

Jambo la pili ni kupinda. Mlingoti wa mvinje na foromali ya miti myembamba hupinda upepo unaporusha, na ncha ya juu ya tanga ikilegea, sehemu ya upepo hupita bila kufanya kazi. Chombo hupumua. Ndiyo maana kuongeza unene wa mti au kuweka bomba la chuma badala yake, jambo linaloonekana kama kuimarisha, kunaweza kuwa kuhamisha tatizo. Nguvu ambayo mti ungeimeza kwa kupinda inashuka hadi kwenye kikao cha mlingoti, na kikao cha gogo la miaka mingi hupasuka kufuata nyuzi za mti.

Demani nayo haifai kufungwa kwa fundo la kukaza. Mwenye kuishika kwa mkono, au aliyeizungusha mara moja tu kwenye mti, anaweza kuiachia kwa nukta moja na tanga likamwaga upepo wote. Hiyo ndiyo breki ya chombo cha tanga. Kuna hali moja tu ambapo breki hiyo haishiki, na kila anayeichambua ngalawa hana budi kuitaja: upepo ukilipiga tanga kutoka mbele, hulibana kwenye mlingoti, na kuachia demani hakusaidii tena. Kwa sababu hiyo chombo cha foromali hakigeuzwi kwa kuupa upepo omo, bali tezi, na foromali hupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Kazi hiyo inataka watu wawili wanaoelewana, nafasi pana ya bahari, na utulivu. Karibu na mwamba, kusi ikiwa kali, vitu hivyo vitatu huwa haba. Tanga hili pia haliukaribii upepo kama matanga ya mashua za kisasa, na ngalawa isiyo na mkuku mrefu huteleza ubavu. Anayepanga kurudi kwa kubisha dhidi ya kusi amepanga safari ndefu kuliko anavyodhani.

Kupunguza tanga ni shida nyingine. Mwandishi na baharia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait liitwalo Bayan kutoka Aden hadi Zanzibar na Rufiji mwaka 1938 na 1939, aliyaandika kwa kina maisha ya mabaharia waliozoea kazi hizo nzito za foromali na matanga. Vyombo vikubwa vya aina hiyo vilibeba matanga ya ukubwa mbalimbali, la upepo mdogo na la upepo mkali, na mabaharia wa kutosha kuyabadilisha. Ngalawa ya watu wawili au watatu ina tanga moja. Katika yote yanayoweza kununuliwa ili chombo kikuukuu kiwe salama, tanga la pili, dogo, lililoshonwa kwa turubai au kitambaa cha magunia, ndilo lenye faida kubwa kuliko bei yake. Nahodha asiye nalo hana njia ya kati. Ana tanga zima au hana tanga kabisa, na chombo kisicho na mwendo kati ya mawimbi hakisikii usukani.

Kamba zimebadilika kuliko vitu vingine vyote. Zamani zilikuwa za makumbi ya nazi, zikiota manyoya na kukatika uzi mmoja mmoja, na mwenye macho aliona mwisho wao ukija. Za leo ni za naili na plastiki. Zina nguvu zaidi na haziozi. Lakini kamba ya plastiki huuawa na jua, na kifo chake hakina kelele. Ukiisugua kwa kiganja ikaacha unga, au ikiwa imekakamaa na kung'aa pale ilipokuwa laini, kazi yake imekwisha hata kama haijakatika uzi wowote. Kanuni hiyo inahusu pia vifungo vya marengu. Marengu ya ngalawa hayakingi kwa kuelea tu kama mapipa. Ni mbao zilizowekwa kwa mshazari, na chombo kinapokwenda, maji huyasukuma juu na kuuzuia ubavu usilale. Miti inayoyashikilia imefungwa kwa kamba, haikupigiliwa, ili viungo vicheze kidogo bila kuvunjika. Mtu akipigilia misumari pale palipostahili kamba, kiungo kinaacha kucheza na kinaanza kukatika.

Inafaa kuangalia upande wa pili wa bahari hiihii. Katika Mto wa Kilifi hutia nanga mashua za starehe za wageni, nyingi zikiwa za plastiki ya nyuzi za kioo, zilizoundwa miongo kadhaa iliyopita. Kwa mtazamaji zinaonekana kuwa za dunia nyingine: milingoti ya alumini, nyaya za chuma kisichoshika kutu. Lakini chuma hicho nacho huliwa pale kinapokosa hewa, yaani ndani ya sitaha na chini ya vifuniko, na waya unaong'aa kwa nje unaweza kuwa umepasuka mahali usipoonekana. Kampuni za bima mara nyingi hutaka nyaya hizo zibadilishwe baada ya miaka 10 hivi, haijalishi zinaonekanaje. Mwenye mashua ya Kilifi na mwenye ngalawa ya Munje wanapambana na jambo lilelile: uharibifu uliofichika. Tofauti ni kwamba wa Munje anaweza kufungua kila kifungo chake kwa mkono, akakitazama na kukifunga tena kabla ya maji kujaa. Hilo ni bora, ila tu kama anafanya hivyo.

Kwenye mbao, maadui ni watatu: kutu, mdudu na jua. Dau la misumari ya chuma huoza kuanzia kwenye misumari, kwa kuwa kutu hula chuma na pia hudhoofisha ubao unaokizunguka. Ukiona alama nyeusi inayolia kuzunguka vichwa vya misumari, ubao huo haujashikwa na kitu. Yule mdudu wa baharini atoboaye mbao huingia kwa tundu dogo kama ncha ya sindano, akala ndani huku uso wa ubao ukibaki mzima. Ndiyo sababu ya desturi ya kukipweleza chombo, kukikwangua, kukipitisha moto wa makuti chini ya tumbo, kisha kukipaka mafuta ya sifa au mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta huziba nafasi kati ya mbao. Kazi hizi si mapambo, na kuziahirisha msimu mmoja ni kumkaribisha mdudu.

Jua hufanya uharibifu ambao wengi huusahau. Chombo kilichokaa ufuoni wiki nyingi, kama vinavyokaa vingi wakati wa kusi, hukauka, mbao zikasinyaa, nafasi zikafunguka. Kikishushwa majini huvuja hadi mbao zinywe maji na kuvimba. Kwa hiyo siku ya kwanza baada ya mapumziko marefu si siku ya kuvuka mwamba. Kilale majini ndani ya mwamba, kifuliwe maji, na mwenyewe ahesabu upo ngapi zinatoka ngamani kwa saa. Chombo cha mbao kuvuja si aibu. Kila kimoja huvuja. Swali ni kama maji yanapungua siku baada ya siku au yanazidi, na kama yanazidi pale chombo kinapobeba tanga. Kinachovuja zaidi kikiwa kwenye mwendo kimelegea mataruma, na kalafati haitakiponya.

Mbao zenyewe zimekuwa adimu, na sababu zake ni za heshima. Hapo Gazi, jamii ya wenyeji inahifadhi mikoko kupitia Mikoko Pamoja, mradi wa hekta 117 ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ni miongoni mwa makaya ya Mijikenda yaliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Hakuna mvuvi mwenye akili anayetaka mikoko iishe, kwa kuwa wengi wa samaki wake hukulia humo. Lakini fundi asiye na mbao halali huongeza kiraka juu ya kiraka, na hatari iliyoondolewa msituni inajikuta baharini. Mashamba ya mvinje na miembe mizee isiyozaa tena vingeweza kuwapa mafundi wa Kwale milingoti na magogo bila kugusa kaya wala mkoko. Jambo hilo lingestahili kuingia kwenye mipango ya kaunti kama linavyoingia suala la injini na majokofu.

Injini nazo zimekuja, na vyombo vya plastiki ya nyuzi za kioo vimekuja nazo. Ni msaada wa kweli kwa anayetafuta samaki wa maji marefu. Ila plastiki hiyo ni nzito kuliko maji: ikijaa bila maboya yaliyojengewa ndani, inazama pamoja na injini. Gogo la mwembe likijaa linabaki juu. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyosikika. Agosti 1979, katika mashindano ya Fastnet kusini mwa Ireland, dhoruba ilizikuta mashua 303 za matanga na mabaharia 15 walioshindana walifariki. Mashua 24 ziliachwa na wenyewe, na kati ya hizo 19 zilikutwa baadaye zikielea. Tangu hapo mabaharia wa dunia nzima hufundishwa kutokiacha chombo maadamu kinaelea. Kwa ngalawa ya Munje iliyopinduka nje ya mwamba, ambako mkondo unakwenda kaskazini, fundisho hilo lina uzito uleule. Mtu mmoja anayeogelea haonekani katikati ya mawimbi, na ngalawa iliyopinduka huonekana.

Mfano wa Lamu unaonyesha kwamba umbo la zamani halijapitwa na wakati. Flipflopi, mashua iliyoundwa na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda kwa plastiki iliyookotwa fukweni na mijini, ilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 ikasafiri takriban kilomita 500 hadi Zanzibar ikipita pwani ya Kenya. Malighafi ilikuwa mpya kabisa. Umbo na tanga vilikuwa vya mababu, na bahari haikuvikataa.

Sheria zipo. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vilipewa kanuni mwaka 2007. Mamlaka ya Bahari ya Kenya ina sheria yake ya mwaka 2006. Walinzi wa Pwani waliundwa mwaka 2018. Jaketi la kuokolea maisha ni la lazima na liwe hivyo. Lakini jaketi haliuzuii mlingoti kuvunjika, na leseni haioni ndani ya tundu la jarari. Anayeona ni fundi aliyeijenga ngalawa na nahodha mzee aliyekwisha kukatikiwa na kamba nje ya mwamba.

Basi BMU za Munje na za majirani zake ziwaite watu hao kila mwezi wa Machi, kabla kusi haijaingia. Kila chombo kishushwe foromali na kipwelezwe. Jarari itazamwe pale inapopita tunduni, vifungo vya marengu vifunguliwe na kufungwa upya, misumari igongwe, maji ya ngamani yahesabiwe baada ya usiku mmoja majini, na mwenyewe aonyeshe tanga lake dogo. Chombo kitakachopita kitoke nje, kiwe na miaka mitatu au thelathini. Kitakachoshindwa kivue ndani ya mwamba hadi kitengenezwe, na kaunti imsaidie mwenyewe kupata mbao na kamba badala ya kumnyang'anya chombo.